Siku Waliyonipeleka Kutembea

Umeme ukikatika huku Kariakoo, yule kijana wa duka la vitenge hapa chini anawasha jenereta lake kabla hata sisi wa juu hatujamaliza kusema "aah!" Na jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa Kiarabu, yeye giza likiingia tu anachoma ubani, anasema mashetani wanapenda giza. Basi dizeli inapanda ngazi, ubani unatoka kwake, vinakutana hapa kwenye korido, vinaingia kwangu bila hodi. Mi hapo nakaa chini.  Wajukuu wanasema, "Bibi, presha hiyo, twende hospitali." Presha gani! Harufu hiyo ni siku aliyozikwa mama yangu. Na mimi sikuwepo. Mimi nilikuwa kwenye boti, naning'iniza miguu, nakula biskuti.

Nyie wa rika langu hamtashangaa. Sisi tulikuwa tunaambiwa nini? Mtu anakufa chumba cha pili, wewe unaambiwa kasafiri. Mtoto anazaliwa, unaambiwa nesi kamleta na kikapu. Ukiuliza kikapu kiko wapi, kofi. Mi sina kinyongo na kuzikwa, mama angezikwa tu, niwepo nisiwepo. Kinyongo changu ni uso. Kwetu maiti ikishakoshwa, ikishavishwa sanda, kabla hawajamfunga hapa usoni wanaita ndugu, njooni mumwone kwa mara ya mwisho. Wote walimwona mama siku ile. Mpaka muuza mkaa, aliyekuja kuuliza kama leo tunataka gunia, akaambiwa ingia umuage. Mtoto wake wa kumzaa, peke yangu, sikuitwa.

Na sababu ya kutoitwa ni huu mdomo. Mi nilianza kuiga watu kabla sijaota meno ya utu uzima. Nilikuwa namuiga imamu anavyosafisha koo, namuiga baba anavyokoroma, naiga mpaka mlango wa choo. Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke mrefu, mkavu, sauti inatokea puani kama ana mafua ya kudumu, ndiye aliyekata shauri. Haya niliyajua baadaye sana, maana alikuwa akiyasimulia mwenyewe kwenye harusi za watu, anacheka mpaka kanga inamvuka. "Nikawaambia, huyu mtoto mtoeni humu ndani! Huyu akimwona mamake kalala vile, ataanza kumuiga maiti mbele za watu, tuaibike!" Na watu wanacheka. Na mimi nimekaa hapo hapo, nina sahani ya pilau magotini, nacheka nao.

Sasa asubuhi yenyewe. Mama alikuwa anaumwa siku nyingi, mimi nalala na watoto wa wapangaji chumba cha mbele. Naamshwa na Shangazi, ananiogesha uani, ananisugua kama sufuria la ubwabwa, halafu ananivalisha gauni la Idi. Na Idi bado! Kwenye chumba cha mama mlango umefungwa, nasikia maji yanamwagwa ndani, chwaa, chwaa, na ubani unapita chini ya mlango. Mi nikaruka. Mama kapona! Anaoga! Siku zote alikuwa anapanguswa na kitambaa, leo anamwagiwa maji kama mtu. Nikaukimbilia mlango nimuoneshe gauni. Shangazi akanidaka ukosi.

"Mama yako amepumzika."

"Si anaoga?"

"Ndiyo, anaoga, akimaliza anapumzika. Wewe unaenda kutembea na Festo. Kanisani, halafu kwenye boti. Nani mwingine humu kapata bahati hiyo? Sema ahsante."

Nikasema ahsante. Baba alikuwa kwenye baraza anaangalia viatu vyake. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akavijibu viatu, "Marahaba."

Festo alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha mwisho, kijana wa huko kusini, kando ya Nyasa, Mkristo, miguu mirefu kama korongo. Kazi yake kutembeza wazungu wanaoshuka melini. Alikuwa na mzunguko wake mmoja tu, hana mwingine: asubuhi kanisa kubwa la kule bandarini, mchana boti, basi, wamemaliza Dar es Salaam. Na huyo Festo, bahari alikuwa haiiti bahari. "Ziwa lenu hili," anasema, kwa ile sauti yao ya kuvutavuta, "ziwa lenu hiliii lina chumvi, nani kaliharibu?" Mi nilikuwa nampenda. Siku ile hakutania hata mara moja. Kanishika mkono njia nzima, ananiminya vidole, mpaka nikamwambia, "Kaka Festo, mi siyo kuku, sikimbii."

Wazungu walikuwa wawili, mume na mke, wazee. Mume mwekundu, anapumua kama pampu ya baiskeli. Mke kavaa kofia kubwa ungeweza kupepetea mchele. Festo anawaongelesha Kizungu, mikono inaruka, na mimi nyuma yake narusha mikono vile vile, "Weshi-weshi-weshi, yesi, weshi-weshi," yule mama wa kofia akageuka akaniona, akacheka. Nikajua leo nimepata watu.

Nyie, kanisa lile! Nje nilikuwa nimeshaliona, nani hajaliona, na ile minara yake. Ndani sijawahi. Giza, baridi, vioo vya rangi, na kimya kile cha mtu anayekusubiri uharibu kitu akupige. Walikuwa wametoka kusali, moshi bado unatembea juu kwa juu. Nikavuta. Ubani!

"Kaka Festo, kunanuka kama chumbani kwa mama leo."

 Nikasema kwa sauti zaidi, labda hajasikia, "Na humu wanamfukizia mama wa nani?"

Mzungu akauliza kitu, Festo akamjibu haraka haraka, anafuta jasho na baridi yote ile. Mi nikaenda zangu mbele. Nikamkuta mwanamke mweupe wa udongo, kavaa buluu, kashika mtoto, shingo kaiinamisha upande. Mi nimelelewa. Nikampigia goti. "Shikamoo." Kimya. Labda hasikii vizuri. "Shikamoo mama!" Sauti ikazunguka kanisa zima ikanirudia mwenyewe. Bibi mmoja aliyekuwa anasali akanigeukia na jicho, nikarudi kwa Festo.

"Yule mama ana maringo. Nimemwamkia mara mbili."

Festo akacheka, kile kicheko kinachokwamia njiani. Akachuchumaa, tukawa sawa sawa macho kwa macho. "Yule hana maringo. Yule ni mama wa wale wasio na mama."

Nikamwangalia yule mwanamke, nikafikiri. Nikasema, "Basi mi hanihusu."

Wallahi ndivyo nilivyosema. Festo akasimama kama kapigwa na kitu, akaenda pale kwenye mishumaa, akawasha mmoja, kiberiti kimezima mara ya kwanza, mara ya pili. Akaniita. "Jina la mama yako, lile lake kamili, nani?" Nikamtajia, na la babake juu. Akalisema polepole mbele ya moto. Mi nikajua anamwandikisha. Nikasema moyoni, kumbe Festo ana roho nzuri, mama akishamaliza kupumzika na yeye ataletwa kutembea.

Tukashuka majini. Boti ilikuwa ya injini, ya mzee mmoja mnene, nahodha, sauti kama anaburuta jahazi kwenye kokoto, kila neno kikohozi kimoja. Dizeli inanuka mpaka kwenye meno. Na nguo zangu bado zina ubani wa kanisani. Hapo ndipo vilipoingiana, na havijaachana mpaka leo.

Nahodha akanitazama kuanzia nywele mpaka viatu.

"Ndo huyu?"

"Ndo huyu," Festo akasema.

"Masikini. Na wamemvalisha gauni la sikukuu. Watu hawa!" Akakohoa. "Pole mwanangu. Pole kwa msiba."

Nikamuuliza, "Msiba gani?"

Festo uso ulivyokuwa, ungesema kaona nyoka ndani ya boti.  Halafu akasema, "Paka. Paka wao kafa."

Nyie! Karani! Paka wetu alikuwa anaitwa Karani kwa sababu anakaa kwenye ukuta, mikono kaipanga mbele, anaangalia watu kama wamekuja kuomba kazi. Karani kafa! Nikapiga yowe, ndege walioko kwenye milingoti wakaruka. Nililia, sijawahi kulia vile. Kamasi, mate, gauni la Idi limelowa. "Karani wangu! Karaniii!" Natupa miguu, boti inayumba. Sasa ndiyo maana mama kajifungia! Ndiyo maana baba haniangalii! Kila kitu kikaingia mahali pake. Nimemlilia paka kilio chote alichostahili mama yangu. Nimekimaliza pale pale. Baadaye kilipohitajika, hakikuwepo.

Yule mama wa kofia akamuuliza Festo, Festo akamnong'oneza. Sidhani kama alimwambia habari ya paka. Maana yule mama mkono ulienda mdomoni, macho yakajaa, akanivuta kwenye matiti yake, ananuka sabuni. Akanipa biskuti, pakiti nzima. Halafu mumewe akatoa kamera, akaniambia kwa vidole nicheke. Nikacheka, biskuti mdomoni. Kwa hiyo picha yangu ya siku ile ipo, huko kwao, kwenye kabati la watu. Wanaioneshana: huyu mtoto siku hii mamake alikuwa anazikwa, oneni anavyocheka. Ya mama haipo popote. Hakuwahi kupigwa.

Tukapita Feri, kelele za mnada wa samaki zinatufuata, boti ikakata ikaingia mkono wa ndani ambako maji yametulia kweli kama ziwa la Festo. Mtoto hana kilio cha muda mrefu, na biskuti zilikuwa na sukari juu. Nahodha akasema, "Festo ananiambia wewe unajua kuiga watu. Niige mimi." Nikakohoa. Nikasema, "Pole mwanangu," nikaburuta ile sauti kwenye kokoto zake. Akacheka akaachia usukani. Nikamuiga mzungu mwekundu anavyopumua. Nikamuiga mkewe anavyolia. Nikamuiga Shangazi, "Sema ahsante!" Wazungu hawakuelewa neno lakini wamejishika mbavu. Festo peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia jua.

"Turudi," mume wa yule mama wa kofia akaonesha kwa mkono, kachoka.

"Zunguka tena," Festo akamwambia nahodha.

"Watu wamechoka, bwana."

"Zunguka nakwambia. Bado hawajatoka."

Mi nikainama nichungulie majini. Nilijua ni pomboo. Nikakaa nasubiri watoke, nimeshika ubavu wa boti, na huko nyumbani ndiyo wanamfunga mama usoni, wanambeba, wanapita mtaani na jeneza, la ilaha ila Llah, maduka yanafunga mlango mmoja kwa heshima. Sikuona pomboo hata mmoja. Nikawalaumu pomboo.

Tulirudi alasiri. Kona ya mtaa wetu imejaa viatu na viti, wanaume wamekaa barazani na kofia zao, uani moshi wa kuni, sufuria kubwa zile za kuazima. Nikasema, jamani, mama kapona wamemfanyia sherehe. Na juu ya ukuta, mikono kaipanga, nani kakaa? Karani! Mzima, mnene, ananiangalia kama nimechelewa kazini.

"Karani hajafa! Kaka Festo, Karani hajafa! Mmenidanganya!" Nilimpiga Festo ngumi za tumbo kwa furaha. Hajafa mtu! Hakuna aliyekufa nyumba nzima! Wanaume wakainamisha vichwa mstari mzima. Na hapo hapo, kutoka ndani, nikaisikia sauti ya mama.

"Nani kaacha beseni langu juani? Eh? Nauliza, nani? Mnataka plastiki lipasuke mniletee maji kwenye viganja?"

Yeye mwenyewe. Ile "eh?" yake inayopanda ngazi mwishoni. Sauti ya mama kabla hajaumwa, ya kujaza nyumba. Nilipita kwenye miguu ya watu kama mwizi. Chumba kilikuwa giza ukitoka juani, wanawake wamejaa mikekani, sioni mtu naona vivuli tu, lakini kwenye kigoda cha mama naona kanga ya mama, ile nyekundu. Nikajitupa mapajani.

Sasa nyie mnajua, lakini vijana wa leo hawajui, nitasema. Sisi Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi. Mtu wako akifa, mtani anakuja, anavaa nguo za marehemu, anakaa alipokuwa akikaa, anamuiga alivyokuwa akisema, anatukana walio hai kwa sauti ya marehemu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Watu wanacheka na machozi yanatoka, ndiyo dawa yake. Mtani wa mama alikuwa Bi Nyamizi, muuza tumbaku wa sokoni. Walitukanana kila asubuhi miaka yote kwa mapenzi. Basi mimi walinitoa ndani nisije nikamuiga marehemu, halafu wakamkaribisha mtu mzima aje amuige.

Mi niko mapajani mwake. Bi Nyamizi mikono ikabaki hewani, hajui aishushe wapi. Akamwangalia Shangazi. Na Shangazi, naiona mpaka leo, akatikisa kichwa chake kile kirefu: endelea. Endelea, asije akalia.

Akaendelea. Mtani akiambiwa endelea anaendelea.

"Ehe, mwanangu," ikasema sauti ya mama, "ulikuwa wapi siku nzima, eh?"

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu. Nikasimama katikati ya wanawake, nikawa Festo, nikawa nahodha, nikawa pampu ya baiskeli, nikamwonesha yule mwanamke wa udongo asiyeitika salamu. "Eti mama wa wasio na mama! Nikasema hanihusu!" Sijawahi kuiga vizuri kama siku ile, na nimeiga watu maisha yangu yote. Wanawake wanacheka wameziba mdomo na kanga, mabega yanatikisika, mmoja katoka nje anakimbia. Mimi najua ni mbavu. Nikamaliza, nikarudi mapajani, nimechoka, nikazika pua kwenye ile kanga.

Ikanuka tumbaku.

Nikainua kichwa. Macho yalikuwa yameshazoea giza. Kulikuwa na uso wa duara, mnene, una mwanya, ugoro mweusi umeganda chini ya pua, na machozi yanapita juu ya ugoro.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

Shangazi akaanza, "Mama yako kasa..." Bi Nyamizi akamnyooshea kiganja, nyamaza. Akanishika mashavu na mikono yake yote miwili. Nilidhani sasa ataongea kwa sauti yake, ile ya Kinyamwezi, nzito. Hakuongea kwa sauti yake. Pengine hakuweza kuipata, pengine aliona nina haki ya kusikia kwa mwenyewe.

"Nimekufa, mwanangu," akasema, kwa sauti ya mama.

Kwa hiyo mi siyo kwamba niliambiwa na watu. Aliyeniambia mama amekufa ni mama. Watu wengi wananionea huruma nikiwasimulia, na wengine wanasema yule mtani alikuwa katili. Mi namshukuru. Nyumba nzima, baba, Shangazi, Festo na mishumaa yake, ni yeye peke yake aliyenijibu nilichouliza.

Ila uso alinichukulia. Hilo siwezi kumdanganya mtu. Kila nikifumba macho kumtafuta mama, nikivuta, nikivuta, anakuja Bi Nyamizi. Sauti ya mama, kanga ya mama, na mwanya wa Bi Nyamizi. Juzi kitukuu changu kimekaa hapa mapajani, kinanivuta ndevu hizi mbili za kidevuni, kinaniuliza, "Bibi, na wewe mama yako alikuwaje?" Nikamwambia alikuwa mnene, uso wa duara, ana mwanya hapa, anavuta ugoro. Kikacheka, kikaenda kuwaambia wenzake. Waliomjua mama walikuwa wakisema alikuwa mwembamba, hana mwanya. Wameshakufa wote. Sasa hakuna wa kunisahihisha.